Panda ya Mshipa

Kicheko alianguka saa nne asubuhi, mkasi ungali mkononi. Walikuwa wawili tu ndani ya duka lao la ushonaji, yeye na dada yake, wakikimbizana na sare za shule zilizotakiwa kesho yake. Alisema, "Dada, kichwa!" kwa sauti ya mtu aliyepigwa rungu kisogoni, akatapika, magoti yakamwishia nguvu.

Dada Mkubwa alidhani ni mzaha. Si kosa lake. Jina la Kicheko halikutolewa bure. Huyu aliwahi kumshonea mteja mbishi mfuko ndani ya mfuko, ili tu amwone akihangaika kutafuta funguo zake. Lakini alipomgeuza, kope moja lilikuwa limelegea, na pumzi ilikuja kwa kukoroma. Akapiga kelele, majirani wakamsaidia kumfikisha hospitali.

Siku ya tatu Kicheko alifariki bila kuzinduka.

Dada Mkubwa hakuwa dada tu. Mama yao naye alikufa ghafla, akianua nguo, na watu wakasema ni presha. Yeye akiwa na miaka kumi na saba, alibaki na wadogo wawili mikononi: Kicheko wa miaka sita, na wa kiume wa miaka tisa, ambaye sasa ni mchomeleaji wa mageti na mtaa mzima unamwita Cheche. Aliwaogesha, akawasomesha, akawatetea kwa walimu na majirani. Wachumba walikuja wakachoka kungoja, naye hakuwafuata.

Wiki moja baada ya mazishi, daktari wa ubongo alimwita. Alikuwa mwanamke mpole, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi. Akamgeuzia kompyuta. Mishipa ya damu ya Kicheko ilionekana myeupe, imetawanyika kama mizizi ya mche uliong'olewa.

"Mishipa haifanani kwa watu wote, mama," alisema. "Ya huyu imenyooka, ya yule imejipinda. Tazama hapa inapogawanyika panda. Kwa wengi, matawi haya huachana kidogo tu. Kwa mdogo wako yameachana kama mtu aliyenyoosha mikono, tena tawi moja nene, la pili jembamba. Damu inakuja kwa nguvu inagonga ukuta wa hapo katikati, miaka nenda miaka rudi. Ukuta ukichoka, unavimba unakuwa kifuko. Hicho ndicho kilichopasuka."

"Kwa hiyo alizaliwa nacho?"

"Kifuko, hapana. Umbo la mshipa, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini umbo si hukumu. Wapo wenye panda kama hii na wanacheza na vitukuu. Presha, sigara, damu ya ukoo, vyote vinatia mkono."

Dada Mkubwa alikuwa na neno lililomkaa kooni tangu siku ile kama mwiba wa samaki.

"Wiki mbili kabla, alilalamika kichwa. Kilimjia ghafla, akashika meza. Nikamwambia ameze dawa ya maumivu, tumalize kola."

"Huenda kifuko kilikuwa kimeanza kuvuja. Mngekuja, huenda tungekiona. Huenda pia mngeambiwa ni kipandauso, mkarudishwa nyumbani. Siwezi kukudanganya, mama, wala siwezi kukuhukumu."

Aliitikia kwa kichwa. Heri angetukanwa.

Daktari akaongeza kwamba kifo cha mama kilimtia shaka. Mama na binti ni wawili katika nyumba moja, na waliobaki wapigwe picha. Dada Mkubwa alipigwa wiki hiyo hiyo. Mishipa yake ilikuwa safi, matawi ya panda zake yameachana kidogo tu, hakuna uvimbe. Badala ya kupata ahueni aliona haya, kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa.

Cheche alikataa katakata.

"Dada, mtafuta ugonjwa haukosi. Mimi nashinda juani nachomelea, kichwa hakijawahi kuniuma."

"Hata yeye hakikumuuma, mpaka kilipomuuma."

"Niache nimlilie kwanza!"

Alimwacha alie, lakini hakumwacha peke yake. Siku tisa mfululizo alikwenda karakanani kwake, akaketi juu ya fremu ya dirisha ambalo halijakwisha, kimya, huku cheche zikiruka. Siku ya kumi mdogo wake alizima mashine.

"Unanifukuzia wateja."

"Watarudi."

"Hivi unaogopa nini hasa?"

Hapo ndipo alipotoa la moyoni. "Aliniambia, Cheche. Aliniambia kichwa kinamuuma, mimi nikamwambia ashone."

Cheche alivua kinyago chake cha kuchomelea. Akachomoa sigara iliyokuwa nyuma ya sikio, akaivunja katikati.

"Kesho saa ngapi?"

Picha yake ilikuwa na panda ile ile, mikono imenyooka vile vile, na katikati kifuko cha milimita nane. Dada Mkubwa alikiona kabla hajaonyeshwa. Daktari alieleza kwamba watapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kinenani hadi kichwani, wakijaze kifuko kwa waya laini ili damu isiingie tena.

"Waya?" Cheche alisema. "Si mngeniambia mapema, nijichomelee mwenyewe!"

Alicheka peke yake. Aliyekuwa akidakia mizaha yake hakuwepo.

Siku ya kazi hiyo, Dada Mkubwa alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Mpiga deki alimwomba ainue miguu mara mbili, naye akainua bila kumwona. Adhuhuri ilipopita, daktari alitoka na kusema imekwenda vizuri. Alishukuru, akauliza anaweza kumwona lini.

Alasiri Cheche alifumbua macho. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa dawa.

"Dada."

"Naam."

"Kicheko kashafunga duka? Mwambie asije leo. Atanichekesha, kichwa kiniume."

Muuguzi aliyekuwa akiandika kando ya kitanda aliinua uso. Dada Mkubwa alitamani kusema ndiyo, keshafunga. Alitamani mdogo wao abaki hai walau ndani ya kichwa cha mtu mmoja, hata kwa saa moja. Akaushika mkono wa Cheche, mgumu kwa makovu ya moto.

"Kicheko hatunaye, mdogo wangu. Tulimzika."

Cheche alimtazama, na uso wake ukaporomoka upya, kama siku ile ya kwanza. Walikuwa wamemkataza kutikisa kichwa, basi alilia amelala vile vile, bila sauti, machozi yakichuruzika kuelekea masikioni. Dada Mkubwa alikunja ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akawa anafuta sikio hili, kisha lile, kisha hili tena, mpaka muuguzi akamwomba asogee kidogo apime presha.