Tope Kati ya Matofali

Lusungu alipofika miezi saba, ngozi yake ilianza kupasuka. Kwanza nyuma ya magoti, kisha mashavuni, mpaka akawa halali, anajikuna tu huku damu inamtoka. Nesi wa kliniki alisema tupunguze sabuni, na tumpake mafuta ya mgando akiwa bado na unyevu wa maji. Mama mkwe wangu akacheka.

"Huyo nesi amezaa wangapi? Upele ni uchafu, mkamwana. Uchafu unasuguliwa."

Nyumbani kwetu Mpuguso mjukuu anaogeshwa na bibi yake, na mimi ni nani nimpokonye? Kila jioni maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki. Jioni mtoto anang'aa, asubuhi amepasuka zaidi.

Mtu ambaye neno lake Mama hulisikia ni mume wake. Lakini baba mkwe siongei naye. Si ugomvi, ni heshima; kwa mila zetu mkamwana na baba mkwe hawasemeshani. Akija njiani, naingia migombani mpaka apite. Jina lake silitamki, na hapa pia siliandiki. Mume wangu Ackson hunicheka, "Mko mwaka gani nyie?" Ila mbele ya mama yake, naye anakumbuka ghafla zamu yake kwenye kiwanda cha chai.

Jumatano, kwenye darasa la jioni la biolojia ninalosoma mjini Tukuyu, mwalimu Jotham alifundisha lipidi, yaani mafuta ya mwilini. Nilikuwa nasinzia mpaka alipochora ngozi. "Seli za juu ni kama matofali," alisema. "Katikati yake kuna mafuta, na mengi ni ya ukoo wa sfingolipidi, yanaitwa seramidi. Yakipungua, maji yanatoka mwilini na vijidudu vinaingia." Usingizi uliniisha. Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakaguna.

Kesho yake niko jikoni, Lusungu mapajani, nikasikia mwiko wa fundi unakwaruza ukuta kwa nje. Kikohozi nikakitambua. Baba mkwe alikuwa anaziba kwa tope nafasi kati ya matofali, upande unaopigwa na mvua. Kumsemesha siwezi. Halafu nikamgeukia mtoto, nikapaza sauti.

"Lusungu, mama, unajua ngozi yako ni ukuta? Ina matofali, na katikati ina tope la mafuta. Bibi anakupenda, anakusugua mpaka tope lote linatoka. Matofali yamebaki matupu, ndiyo maana yanauma."

Mwiko ukanyamaza. Kisha nikamsikia akimsemesha mbuzi aliyefungwa kwenye kisiki.

"Wewe mbuzi, hilo tope la ngozi linachotwa wapi? Mtoni?"

"Linatengenezwa humohumo ndani ya seli, mwanangu. Kipande cha mafuta kinaungana na kipande kidogo kama vile vinavyojenga protini. Likiwa tayari linafungiwa sukari, linasafirishwa mpaka juu. Huko yupo mkataji, kimeng'enya, anaikata ile sukari. Hapo ndipo tope linashika."

"Mbuzi! Kumbe linavunjwa kwanza ndipo lijenge?"

"Ndiyo, Lusungu. Na likichakaa linavunjwa tena. Vipande vingine vinapigana na vijidudu, vingine seli inavirudisha kutengenezea jipya."

"Kama matofali ya nyumba ya zamani," akamwambia mbuzi. "Na huyo mkataji akigoma?"

Hilo sikulijua. "Mama yako ataenda kuuliza," nikamwambia mtoto.

Jioni Mama akaingia na beseni, sabuni mkononi, dodoki begani. Sauti ikatoka nje.

"Mama Ackson!"

"Abee."

"Tope bado bichi. Ukilimwagia maji ya sabuni litaanguka."

"Tope gani? Mimi naogesha mtoto huku ndani."

"Huyohuyo mtoto. Nesi alisemaje?"

Mama akanitazama, akautazama ukuta, akanirudia. "Mmeongea nyie?"

"Mimi, Mama? Nimeongea na Lusungu."

"Na mimi na mbuzi," ukuta ukajibu.

Mama akashika kiuno. Alijitahidi kununa, kicheko kikamshinda. "Haya, wiki moja! Mtoto akinuka, namwogesha mbuzi na mwenye mbuzi."

Akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, kwa viganja vyake tu. Mafuta alimpaka yeye mwenyewe, polepole, kama anayekanda jeraha lake.

Jumatano iliyofuata mashavu ya Lusungu yalikuwa yameshafunga. Nyuma ya magoti bado kidogo, lakini mtoto alikuwa analala, na Mama alikuwa anawaeleza majirani habari za tope kana kwamba alilivumbua yeye. Mimi nikaenda darasani na swali langu.

Alhamisi, niko jikoni, nikasikia tena mwiko. Ukuta ule ulishakamilika, huwezi kupenyeza hata ukucha. Lakini mwiko ulikuwa unakwaruza palepale, na mbuzi safari hii amefungwa karibu kabisa.

Nikamkalisha Lusungu vizuri, uso ukutani.

"Haya, mama. Nimeuliza. Kuna watoto wanazaliwa yule mkataji hafanyi kazi..."

Mwiko ukanyamaza.