Shukrani Iliyokatazwa

Kabla ya alfajiri Marthe alisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu, taratibu mno, kama kinavyowekwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Hakufumbua macho. Alijua ni mwanawe Bertin, anapasha maji ya kuoga ya mkewe kabla ya kutoa pikipiki na kupandisha abiria kwenda Fizi. Mwanamume anayepasha maji gizani bila kujitangaza ni neema ndani ya nyumba, na Marthe alimshukuru Mungu kwa ajili yake palepale kitandani, midomo ikicheza tu.

Ndivyo alivyozoea. Asubuhi zake zilianza kwa shukrani: kwa kuamka, kwa bati ambalo halikuvuja, kwa jirani aliyemrudishia kinu kabla hajakwenda kukidai. Mambo madogo madogo hayakumwishia. Lakini siku hizi, akifika kwenye jina la mkaza mwana wake Arlette, sala ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Arlette alikuwa amejifungua mapacha kwa kupasuliwa, katika hospitali ya hapohapo mjini Baraka, watoto wawili wa kiume. Yule wa kwanza kutolewa alipumua usiku mmoja, akafa. Wa pili, Henri, yuko hai, ananyonya, mashavu yameanza kujaa. Tangu warudi nyumbani Arlette hakuwa amesali. Alimnyonyesha mtoto akitazama ukuta. Akisalimiwa aliitikia, akiletewa bugali alimega tonge mbili na kunawa. Na juzi alimwambia mumewe kwamba kidonda kikipona atambeba Henri aende kwao Kilembwe, wala hakusema kama atarudi. Bertin alimpa mama yake habari hiyo akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, ili asionekane machoni.

Hilo ndilo lililomnyima Marthe usingizi. Hakuwa akimhofia mjukuu tu. Arlette ndiye aliyemkanda miguu msimu mzima wa mvua bila kuombwa. Ndiye aliyekuwa akimwachia kipande cha mkia wa samaki kwa kuwa alijua anaupenda. Mtu wa namna hiyo akiondoka nyumbani, nyumba inabaki kuta.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na zamu ya maombi ya wamama wa kanisa ilikuwa imefika kwao.

"Bamama banakuya leo," Marthe alimwambia Arlette alipompelekea uji. "Utakaa na sisi kidogo?"

"Bakuye tu, mama. Nyumba ni yenu."

"Ni yetu."

Arlette alimhamishia mtoto titi la pili. "Mama Ketsia ataniuliza shukrani."

"Anauliza kila mutu, mwanangu. Hata mi ananiuliza."

"Basi mi niko nayo moja tu. Na ile mulinikataza kuisema."

Marthe aliweka bakuli la uji karibu na mkono wake. Alijua Arlette amekatazwa nini. Katika ukoo wao, pacha akifa haliliwi. Husemwa amekwenda kutafuta kuni. Anayemlilia kwa sauti anamwita, na pacha akiitwa hurudi kumchukua mwenzake. Marthe alifundishwa hivyo na mama yake, naye mama yake na bibi. Yeye alibatizwa ziwani, mzima mzima, maji yakamfunika kichwa. Ila hofu hii ilibaki ukingoni siku ile, ikamngoja atoke, wakarudi nyumbani pamoja. Kwa hiyo alipofika hospitalini asubuhi ya msiba na kukuta kitoto kimekwisha kuviringishwa, neno lake la kwanza kwa Arlette lilikuwa: "Usilie. Usimutaje. Angalia huyu mwenye amebaki."

Watu wa kanisa nao walikuja na neno lao. "Shukuru Mungu, Mama Mapasa, amekuachia mmoja." Mama Mapasa ndilo jina analoitwa mwanamke aliyezaa mapacha, mpaka kufa kwake. Walimwita mama wa wawili, kisha wakamtaka ahesabu mmoja.

Mchana wamama walifika, wakavua viatu mlangoni, wakajipanga kwenye mikeka. Marthe alikuwa amechemsha mihogo na kukaanga karanga. Alimlaza Henri karibu na goti lake. Arlette aliketi nyuma, mlangoni pa chumba cha ndani, mgongo ukiegemea mhimili, kama mtu aliye tayari kuinuka wakati wowote.

Ketsia ndiye aliyekuwa kiongozi. Mwanamke mrefu, mshonaji, mwenye sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Wengine walimwogopa, lakini Marthe hakusahau kwamba mwaka ule alipougua, Ketsia alikuja kufagia ua wake kabla ya kwenda kwenye cherehani, akaondoka bila kubisha mlango. Sheria yake katika maombi ilikuwa moja: kila mtu ashukuru kwanza, haja zije baadaye.

"Kwa mukubwa hauingie ukiomba chumvi," alikuwa akisema. "Unabisha hodi kwanza. Shukrani ndiyo hodi yetu."

Wakaanza. Mmoja alishukuru kwa mume aliyerudi salama kutoka Makobola. Mwingine kwa jino lililoacha kuuma. Vanessa, mdogo kuliko wote na mwenye maneno mengi kuliko wote, alimshukuru Mungu kwa mbuzi wake aliyepotea akarudi mwenyewe, tena na mimba.

"Huyo mubuzi ako na akili kupita bwana yako!" mmoja akadakia. "Yeye akipotea anarudiaka mikono mitupu."

Walicheka mpaka Ketsia mwenyewe akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha kicheko kikaisha, na macho yakageukia mlango wa ndani.

"Mama Mapasa," Ketsia alisema, sauti ameishusha. "Ni zamu yako. Hata neno moja."

Arlette aliinamisha kichwa.

"Aseme tu Mungu amemuachia mmoja, tuendelee," mama mmoja alinong'ona.

"Ile sitasema," Arlette alijibu.

"Juu ya nini?"

"Juu hakuniachia mmoja. Alinipa wawili."

Minong'ono ilipita mikekani. Ketsia aliinua kiganja, ikatulia. "Mwanangu, hatukuulize uchungu. Uchungu tunaujua. Tunakuuliza shukrani."

"Niko nayo, Mama Ketsia. Lakini nikiisema nitamutaja." Na Arlette akamtazama mama mkwe wake.

Marthe alihisi mtazamo ule mpaka miguuni. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la Henri, likipanda na kushuka. Alijua kwamba akitikisa kichwa tu, Arlette atatii, kwa maana hakuwahi kumkaidi. Na utii huo ataubeba mpaka Kilembwe pamoja na mtoto. Na akimruhusu? Kama kuna jambo linalosikiliza majina huko nje, je, litasikia? Aliomba neno moja kutoka kwa Mungu, halikuja. Lililokuja ni joto la mtoto chini ya kiganja chake, na sura ya msichana aliyekonda mlangoni. Watoto wake walikuwa wawili pale, Henri na Arlette, na mmoja alikuwa anazama wazi mbele ya watu.

"Sema, mwanangu," alisema.

"Mama Bertin!" mtu akashtuka. "Na mutoto iko hapa hapa!"

"Nimemushika. Aseme."

Arlette alivuta pumzi. "Ninashukuru Mungu kwa kitenge ya Mama Samira."

Wakatazamana. Mama Samira ni Hawa, jirani wa nyumba ya tatu kuelekea ziwani, Mwislamu, mwenye kuanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Kitenge chake kilihusiana vipi na maombi yao?

"Ule usiku sikuweza hata kugeuka," Arlette alisema. "Tumbo ilikuwa mushono mutupu. Muuguzi alikuwa anahangaika na Henri. Mama Samira alikuwa kitanda ya pembeni, analinda binti yake mwenye alizaa. Alimuchukua Isidore, ule wa kwanza, akamulaza hapa." Alijigusa kifua. "Mikono yangu haikuwa na nguvu, akamushikilia na mukono yake. Alimushikilia mpaka akaacha kupumua. Alikuwa na paji ya Bertin, ile pana. Nilimuona vizuri. Kisha Mama Samira akafungua mufuko yake, akatoa kitenge mupya, alinunuaka ya mujukuu wake. Akamuviringisha. Akasema, 'Mutoto hawezi kwenda kwa Mungu bila nguo.' Sijamuambia aksanti. Anapita hapa kila siku, ananisalimia, mi ninaangalia chini. Nikimushukuru nitasema ni ya nini, na mumesema mutoto alienda kutafuta kuni."

Hapo akalia. Hakulia kwa kujizuia, alilia kwa sauti, kama inavyompasa mama kulia. Mama mmoja alijiziba mdomo. Mwingine alinyoosha mikono kumkimbiza Henri nje, lakini Marthe alikuwa amekwisha kumwinua na kumbana kifuani.

Alikikumbuka kitenge kile, cha manjano, chenye ndege. Alidhani ni cha hospitali. Bertin alimzika mtoto nacho Fizi, kando ya babu yake. Na yeye Marthe, anayeshukuru mpaka kwa kinu, alikuwa akipishana na Hawa sokoni bila hata kumuuliza habari za binti yake.

Akafumba macho na kuomba kwa sauti.

"Baba, aksanti kwa Isidore. Aksanti alikuya. Aksanti mama yake alimuona. Aksanti kwa mukono yenye ilimushika wakati yetu ilikuwa mbali. Hatukukuambia, tuliogopa. Sasa tunakuambia."

Alingoja. Aliogopa atasikia mtoto akipoa mikononi mwake. Badala yake alisikia joto likitiririka kutoka kifuani mpaka mapajani. Henri alikuwa amemkojolea nguo ya ibada, yote.

"Huyu haendi popote," alisema Vanessa, machozi na kicheko vikiwa vimechanganyika. "Angalia vile ameweka mupaka!"

Wengine wakacheka wakilia, wakasogea, wakamzunguka Arlette. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mmoja alimshika mguu tu, akakaa hivyo.

Ketsia alisimama. Baadhi waliinamisha vichwa, wakitazamia karipio.

"Amina," alisema. Akakohoa kidogo. "Mi nilikuwa nakufundisha kubisha hodi, na we ulikuwa mulangoni siku zote, sisi tumekufungia. Pole, mwanangu. Sasa, kwa Mungu hii shukrani imefika. Lakini mwenye kitenge iko pale anaanika ndagala, na hajasikia kitu. Tutaimalizia hapa? Vanessa, kimbia umuite."

Hawa alikuja mbio mbio, mikono ina harufu ya samaki, magamba madogo yanang'aa kwenye vidole. "Kuna nini? Mutoto iko muzima?"

Arlette aliinuka akijishika tumbo, akamwendea, akamshika ile mikono yenye magamba.

"Mama Samira, aksanti ya kitenge. Aksanti ulimushika Isidore."

Hawa alimtazama, akawatazama wamama wote, kisha akakaa kizito kwenye mkeka kama aliyetua furushi. "Ni ile tu? Eh, bantu hawa! Mi nilizani mulikasirika. Nilijisemea, labda habakutaka Muislamu ashike mutoto wao mupaka mwisho. Ninasalimia, munaangalia chini. Ninasalimia, munaangalia chini. Nikasema basi, nilikosea."

"Haukukosea," alisema Marthe. "Tulikosea sisi. Na mi sijakuuliza hata Samira aliamukaka namna gani."

"Iko muzima, anakula kama majeshi." Hawa alimgeukia Arlette. "Ulinitajia jina yake ule usiku, unakumbuka? Mi sikuliacha. Kila nikiomba, ninamutaja. Hata leo alfajiri nilimutaja."

Arlette aliketi kando yake. Alilaza kichwa kwenye bega la Hawa, na Hawa akamwachia, mikono ameinyoosha pembeni ili asimpake harufu ya samaki.

Mihogo ilipoa, wakaila hivyohivyo. Marthe alimwona Arlette akichukua kipande, kisha kingine, kisha akimwomba Vanessa amsogezee karanga. Alikwenda kubadili nguo, na huko chumbani alipiga magoti. Safari hii jina la Arlette lilipita kooni bila kukwama, na nyuma yake likapita la Isidore.

Aliporudi, wingu lilikuwa limepanda juu ya ziwa na Hawa alikuwa anatafuta viatu vyake, kwa maana ndagala zikinyeshewa zinaoza. Arlette alimsindikiza hadi mlangoni, Henri begani.

"Mama Samira," alisema, "kuya tena."

"Nitapita siku moja, Inshallah."

"Hapana, siku moja ni mbali. Siendi Kilembwe, utanikuta. Kuya kesho, hata kama hauna kitu ya kuleta. Kuya tu tukae."