Plagi za Marehemu Sufiani

Usiku wa kuamkia Jumapili, Mhina aliota kwamba gari la mkewe limekaa sebuleni kwenye kochi la watu watatu, limejifunika kanga, na linakataa kufunguliwa boneti.

"Bado sijapoa," gari likamwambia. "Plagi hazifunguliwi injini ikiwa ya moto. Hilo unalijua."

"Hujatembea tangu Alhamisi," Mhina akalijibu.

"Sikusema nimechomwa na safari. Nimechomwa na maneno yenu ya jioni."

Maneno hayo hayakuwa ya ndotoni. Gari lilikuwa la Kijerumani, refu, la zamani, lenye viti vya ngozi, ambalo mkewe, Mwantumu, aliachiwa na mume wake wa kwanza, marehemu Sufiani. Siku hizi lilikuwa linakohoa na kuishiwa nguvu kwenye kila mwinuko, na fundi alisema plagi zote sita za kuwashia injini zimekwisha. Mhina, ambaye anashona nguo pale Muheza mjini, akanunua mpya bila kuagizwa na kuzileta nyumbani kama mtu aliyeleta posa. Mwantumu alizitazama akasema, "Zile za ndani aliziweka Sufiani kwa mkono wake. Tuziache kwanza." Mhina akauliza mkono huo utaendelea kukaa nyumbani kwake mpaka lini. Wakalala wamepeana migongo.

Basi ndotoni Mhina anachukua ungo, analipepea gari. Linashusha pumzi. Linapoa taratibu, kuanzia taa za mbele kwenda nyuma, kisha boneti inafunguka yenyewe.

Ndani hamna injini. Mna duka, na nyuma ya kaunta limesimama koti la kijivu lisilo na mtu ndani yake. Mhina analitambua. Ni koti la Sufiani, ambalo limetundikwa kabatini mwao tangu siku alipomwoa Mwantumu. Sufiani mwenyewe Mhina hakuwahi kumwona, kwa hiyo marehemu amekuja bila uso wala mikono. Siku moja, Mwantumu akiwa sokoni, Mhina alilijaribu koti hilo mbele ya kioo. Mabega yalimpwaya.

"Karibu, Bwana Mhina," koti linasema. "Unataka plagi za moto au za baridi?"

"Nataka mpya."

"Upya si aina. Ya moto huunguza masizi yake yenyewe. Ya baridi ni ya injini inayokwenda mbio. Wewe unakwenda mbio?"

"Mimi natembea kwa miguu."

"Basi za moto." Koti linamsogezea spana kwa mkono wa nguo. "Ila hazibadilishwi nusu nusu. Ukitoa moja, unatoa zote."

"Hivyo ndivyo nitakavyo," anasema Mhina.

Kaunta imekuwa injini. Plagi ya kwanza inatoka bila taabu, imejaa masizi. Inakohoa kidogo, inajitambulisha.

"Mimi ni kichekesho cha jogoo."

Mhina anakifahamu vizuri. Kilikuwa cha Sufiani, na Mwantumu hukisimulia arusini, msibani, na mbele ya mteja yeyote anayesubiri suruali yake. Kila akifika mwisho hucheka mpaka machozi yanamtoka. Mhina naye ana vichekesho vyake. Kwa hivyo vyake Mwantumu hutabasamu tu.

Anaiachia plagi ianguke sakafuni. Kaure yake nyeupe inapasuka kama kikombe.

"Imekuponyoka?" koti linauliza.

"Imeniponyoka."

"Plagi iliyoanguka hairudishwi kwenye injini. Nakuarifu tu."

Ya pili inasema, "Mimi ni safari ya Lushoto, siku ile ya mvua." Mhina anaitia mfukoni bila kutaka kusikia zaidi. Ya tatu inasema, "Mimi ni uvumilivu wa kukoroma."

"Kukoroma kwa nani?"

"Kwa Sufiani. Alikoroma ndoa nzima, mkewe akazoea. Wewe ulipokuja ulikuta kazi imeshafanyika."

Mara duka halipo, wako chumbani, mchana kweupe. Mhina amesimama na spana yake, macho makavu, lakini kukoroma kwake kunasikika kutoka kwenye mto. Mwantumu anaketi kitandani, anausikiliza ule mto, kisha anamtazama Mhina kama anavyotazamwa mwenye mashine ya kusaga inayowapigia majirani kelele.

"Samahani, baba," anasema. "Hapa sipawezi." Anakusanya kanga zake, anatoka.

Hapo Mhina angeweza kuacha. Lakini wivu ukishampanda huwa hasikii, na isitoshe plagi ya nne ilikuwa imekwama, jambo alilolichukulia kama dharau. Anaibana kwa spana, anaivuta kwa uzito wa mwili wote.

"Mimi ni udereva," plagi inasema ikitoka. "Sufiani ndiye aliyemfundisha. Bila mimi hajui kuendesha."

"Nitamfundisha mimi."

"Wewe hujui kuendesha."

"Basi atapanda basi."

"Akipanda basi, nani atarudi nyuma na gari mpaka kwenye baraza lako na kuivunja cherehani yako?"

Mhina anageuka. Yuko barazani kwake anaposhonea. Cherehani imesimama nzima, inang'aa, haijawahi kugongwa na mtu. Ndivyo walivyojuana: Mwantumu aliteremka garini akaomba radhi, na kesho yake akaja kuijulia hali mashine, na keshokutwa akaja tena, mpaka watu wakauliza kama mgonjwa ni cherehani au ni fundi. Sasa barabara ni tupu. Basi linapita. Mwantumu yuko dirishani, macho yake yanapita juu ya kibao cha ushonaji cha Mhina kama yanavyopita juu ya nguzo ya umeme.

"Zimebaki mbili," linasema koti, limekaa kwenye kiti cha wateja. "Ulisema zote."

"Nirudishie."

"Utarudisha mwenyewe. Anza kwa vidole, spana baadaye, kidogo tu. Watu wa aina yako hukaza mno wakaharibu injini."

Mhina anarudisha udereva kwa vidole, kisha kwa spana, kidogo tu. Anarudisha kukoroma. Anatoa Lushoto mfukoni, ikiwa imelowa, anairudisha nayo. Lile basi linasimama, linarudi nyuma polepole, linapanda baraza na kuivunja cherehani vipande vipande. Mhina anasema ahsante.

Pale palipokuwa na ile ya kwanza anaweka mpya.

"Mimi sina kitu bado," plagi mpya inasema.

"Moja mpya na tano za zamani," linasema koti. "Gari litakohoa."

"Na likohoe," anasema Mhina, akaamka.

Kulikuwa kumekucha zamani. Mwantumu alikuwa jikoni anamimina chai, bado hajamsemesha, ndipo jogoo wa jirani akawika. Akashindwa kujizuia.

"Unamsikia? Kama yule wa Sufiani. Mtu mmoja alinunua jogoo, akamrudisha kwa muuzaji. Akasema, jogoo gani huyu, anawika saa nne. Muuzaji akamwuliza, kwani wewe unaamka saa ngapi? Akasema, saa tano."

Birika lilibaki hewani.

"Halafu muuzaji akasemaje? Mhina, kimenitoka. Kitu ninachokisimulia kila siku." Sauti ikampungua. "Alikuwa akisemaje pale mwisho?"

Mhina aliangalia kikombe chake. Akinyamaza, kichekesho hicho kingekuwa kitu cha kwanza cha Sufiani kuondoka katika nyumba ile. 

"Muuzaji akamwambia," alisema, akivuta maneno kama alivyozoea kuyasikia yakivutwa, "sasa unalalamika nini, na jogoo bado anakuwahi?"

Mwantumu alicheka mpaka akaweka birika chini. Mhina alingoja amalize. Kicheko hicho hakuwahi kukipata kwa maneno yake mwenyewe, na kilimuuma vilevile.

"Umekisimulia vizuri," Mwantumu alisema, akijifuta macho.

"Kumshinda yeye?"

Mwantumu alilifikiria swali kwa haki.

"Karibu," akasema, akamwongezea chai.