Ukumbi Uliozidi Sikio

Asubuhi tuliyofungua ukumbi mpya wa chuo, Mwalimu Swedi alikaa kimya, na kimya chake kilitutia hofu kuliko fimbo.

Watoto walikuwa wakisoma Kurani kwa sauti, kila mmoja na ubao wake, kila mmoja na aya yake, kama ilivyo desturi ya chuo: hakuna anayemngoja mwenzake. Mgeni angesikia ghasia ya ndege juu ya michikichi. Mwalimu kwa kawaida alisikia kitu kingine. Katika chumba cha zamani, kile cha matete na udongo, aliweza kuwapa watoto mgongo akikoroga wino wa masizi, na katikati ya ngurumo ile akasema taratibu, "Athumani, umeiruka aya." Na kweli Athumani alikuwa ameiruka. Nami niliyeruhusiwa kukaa mlangoni, nikijifunza nyuma ya binti yangu Wema, nilijiuliza kila mara: Mungu amempa mtu huyu masikio mangapi?

Hiyo ilikuwa enzi ya Wadachi, hao Wajerumani. Bendera yao ilipepea Usumbura, lakini walitafuta makarani hadi kwetu Rumonge, na kila baba aliyesikia kwamba kijana anayejua herufi hapelekwi kubeba mizigo alimleta mwanawe. Wakaja wa Kigwena, wakaja wa kusini zaidi, mpaka wengine wakasomea juani. Basi tukabomoa ukuta. Wanaume walikata miti, sisi wanawake tukakanyaga udongo, ukumbi ukarefuka kuelekea ziwani. Tulipiga vigelegele. Hakuna aliyefikiri kwamba tumejenga nyumba kubwa kuliko sikio la mtu.

Sasa Mwalimu akainua mkono. Sauti zikazima.

"Walio upande wa ziwani siwasikii," alisema. "Nasikia mvumo tu."

Mzee Bakari, aliyesimamia ujenzi, akacheka kwa woga. "Mwalimu, masikio yako iko mugonjwa? Tukuletee mawese ya moto?"

"Masikio ni yaleyale, mzee wangu. Ninyi ndio mmeyatawanyia kazi. Rudisheni ukuta. Wasichana wangoje nyumbani mpaka nipate mwalimu wa pili kutoka Ujiji."

Wema akaukumbatia ubao wake. Nilijua kungoja kwa msichana kunaishia wapi: jikoni, kisha harusini. Nami nani angeniacha nikae chuoni bila mtoto wa kumsindikiza?

Mwalimu akawapa watoto ruhusa wamalizie somo. Kelele zikapanda tena. Nikavuka hadi upande wa ziwani kumchukua binti yangu, nikamshika mkono, nikageuka niondoke.

Hapo, katika mvumo ule, kitu kikakosekana. Hata leo sijui kukieleza. Ni kama mguu unaotafuta jiwe la kuvukia mto, usilipate.

"Feruzi," nilisema bila kutazama nyuma, "rudi. Umeiruka aya."

Nyuma yangu mtoto alisita, akarudi, akaisoma. Nikalishika sikio langu kana kwamba nimeliazima, na mwenyewe yu njiani kulidai.

Mwalimu Swedi alikuwa amekwisha kusimama karibu nami.

"Umejuaje?"

"Sijui, Mwalimu. Nimesikia."

Alisubiri. Aya kadhaa zilipita, kisha nikamrudisha mtoto mwingine, na huyo pia alikuwa amekosea. Mwalimu alifumba macho, akataja jina la Mungu polepole.

"Mzee Bakari, ukuta usirudi," alisema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini: "Wape mgongo, mama. Ukiwatazama, macho yatakuharibia."

Wema akakaa chini. Nami nikakaa, uso ukielekea maji, na sauti zikanijia moja moja, kila moja na mwenyewe, mpaka nikaogopa hata kumeza mate.

Adhuhuri mume wangu Amissi akaja kutoka kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani, sauti yake ikimtangulia. "Mama Wema! Jua liko utosini, na moto haujawashwa?"

Nikainua kiganja kumnyamazisha. Sikuwahi kumfanyia hivyo tangu anioe. Mzee Bakari akainamisha uso.

Amissi alinitazama, akautazama ukumbi.

"Haya, mwalimu," akaninong'oneza. "Nitakula ndagala baridi." Akaondoka akinyata, mtu mwenye mwili mkubwa kama ule, asimkatize mtoto hata mmoja.