Kidari cha Mama

Usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu niliota mbuzi tuliyemla mchana amerudi jikoni kudai agawiwe upya.

Lakini kwanza niseme hasira niliyolala nayo, maana ndiyo iliyoniotesha. Kwetu Kibosho, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima ukoo wetu huchinja mbuzi, na nyama yote huliwa siku hiyohiyo, isibaki hata ya kuonja. Wala haliwi hovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha mama mwenye nyumba. Shingo ni ya mgeni, mtu atakayekula kisha akaaga. Na chakula ulicholetewa na mkono wa mwanao wa kumzaa, hukirudishi.

Baba alifariki Septemba. Jana baba mdogo Remigi, anayemfuata baba kuzaliwa, alishika kisu bila kuombwa na mtu, akagawa. Kidari akajiwekea mwenyewe. Kisha akanikabidhi sahani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Theodosia, mpelekee mama yako." Ndani ya sahani kulikuwa na shingo.

Nikaipeleka. Mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwalimu ninayewafokea watoto sitini kwa siku, nilitembea na ile shingo mbele ya watu nikampa mama yangu. Mama akaitazama, akanitazama mimi, akapokea. Ukoo mzima ukajifanya hamnazo, ukaendelea kunywa mbege yake. Baba mdogo akanipenyezea kipande cha ini, eti pole ya kazi. Nikakila! Nililala nimejichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Basi ndotoni ni mchana, niko jikoni, na mbuzi amesimama juu ya mafiga. Hana ngozi, lakini haoni haya.

"Nani aligawa?" ananiuliza.

"Baba mdogo."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Kwani wewe ulisema nini?"

"Mimi nilikuwa nimechinjwa," anasema mbuzi. "Wewe je?"

Mbuzi anakohoa kidogo, kisha ananiarifu kwamba kidari chake kimemtumia salamu. Kinasema kimejikuta katika tumbo la mtu kisiyemjua, na huko ndani hakuna hata mmoja aliyekikaribisha.

Nageuka kuchukua mwiko, na jikoni panakuwa ofisi ya parokia. Nyuma ya meza ameketi katekista, naye ni lile sufuria letu kubwa la kupikia mtori, limevaa miwani. Linafungua daftari na kusoma.

"Kanuni ya kwanza. Kabla kengele haijalia, kila chenye mafuta kitoke nyumbani."

Kikaango kinanyanyuka na kutoka. Debe la mafuta linatoka, limejitupia kitambaa begani. Paka anajilamba mdomo, anafikiri, anatoka na yeye. Hakuna anayebishana. Sufuria linainua macho na kumtazama baba mdogo Remigi, ambaye amekalia kiti cha marehemu baba.

"Na wewe."

"Mimi ni mtu," anasema baba mdogo.

"Una mafuta?"

"Ya kawaida tu."

Sufuria linamzunguka na kumbonyeza tumbo kwa mwiko wangu. "Toka."

"Sitoki. Mimi ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba hatolewi."

"Sawa," linasema sufuria na kuandika. "Hilo tutawauliza wanaokuja."

Wanaokuja ndio hao wanaingia. Ni Siku Arobaini za Kwaresima, wamepanga mstari, kila mmoja na sahani yake tupu. Siku ya Kwanza ni mama mwembamba mwenye majivu mpaka kwenye kope. Jumapili nazo zimekuja, ila zimekaa pembeni kwenye benchi, zinanung'unika kwamba kila mwaka hazihesabiwi.

"Tumekuja kukaa," anasema Siku ya Kwanza. "Na hatuwezi kukaa katika nyumba ya watu bila kumsalimu mwenyewe. Nani alikula kidari?"

Baba mdogo anainua mkono. Midomo bado inamng'aa.

"Shikamoo, mwenye nyumba," wanasema wote arobaini.

"Marahaba," anasema baba mdogo, bila hata kumeza mate.

"Na shingo alikula nani?"

Shangazi zangu wanatazama dari, baba zangu wadogo wengine wanatazama viatu. Kwenye kona kabisa mama anainua kidole, kama mtoto wa shule anayeogopa kukosea jibu.

"Basi wewe ni mgeni," Siku ya Kwanza anamwambia, tena kwa adabu. "Umekula, sasa aga. Nafasi ni ndogo, sisi tuko arobaini."

"Arobaini na sita!" zinapaza sauti Jumapili.

Mama habishi. Hapo ndipo hasira iliponipanda kabisa, kwamba mama habishi. Anatandaza khanga chini, anaweka rozari, anaweka picha ya baba. Anatoka nje, analishika pembeni shamba la migomba aliyoipanda mwaka alioolewa, analikunja. Linakunjika vizuri, kama shuka. Analipanga ndani ya khanga. Kisha anaenda kwenye kaburi la baba, analivuta huku, analivuta kule.

"Hili halikunjiki," anasema.

"Liache tu, shemeji," anasema baba mdogo. "Nitakutunzia."

Nataka kupiga kelele. Siwezi. Mdomo umejaa. Ni lile ini la jana, nimekuwa nikilitafuna tangu mchana wa jana, na kadiri ninavyolitafuna ndivyo linavyoongezeka.

"Meza," ananiambia mbuzi, ambaye sasa amekaa kwenye benchi pamoja na Jumapili.

Namwonyesha kwa ishara kwamba halimezeki.

"Basi tema."

Namwonyesha kwa vidole kwamba kutema nyama ya ukoo mbele ya ukoo ni aibu kubwa.

"Kubwa kuliko ipi?" anauliza mbuzi.

Nikatema. Ini likaanguka juu ya daftari la sufuria, likaomba radhi kwa kuchafua, na kwa kuwa lilikuwa na mafuta, likatoka nje lenyewe. Nami nikafungua mdomo.

"Nyumba hii ni ya mama yangu! Matofali haya aliyafyatua yeye, kwa mikono yake, mimi nikiwa tumboni! Wewe Remigi ulikuja hapa ukiwa darasa la tatu, huna hata kandambili, akakulisha, akakufulia, akakuuguza surua. Leo unampa shingo? Mbele ya watu? Na nyinyi mlionyamaza mkanywa pombe yenu, mna macho ya nini? Na mimi ndiye niliyeipeleka! Mkono huu! Nasema naurudisha mkono wangu! Humu ndani mgeni ni mmoja tu, na ni wewe!"

Siku ya Kwanza anashusha sahani yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wa kumzaa," linajibu sufuria, likipekua daftari. "Shingo ilipelekwa na mkono wa mtoto. Imerudishwa na mdomo wa mtoto huyohuyo. Kanuni haikutaja mdomo. Inaruhusiwa."

Hapo kengele inaanza kulia, na katikati ya mlio wake tunasikia sauti nyingine, ndogo, inatoka ndani ya tumbo la baba mdogo.

"Hodi," inasema. Ni kidari.

Baba mdogo anafungua mdomo kujibu, lakini neno halimtoki. Siku zote arobaini zinageuka, na Jumapili zote sita, na mbuzi, na ukoo mzima, wanamtazama mama pale kwenye kona. Anayeitikia hodi ni mwenye nyumba. Mama anaweka chini mzigo wake. Anafungua mdomo.

Nikaamka.

Kengele ilikuwa ya kweli, ya misa ya asubuhi. Koo liliniwaka moto. Nilijaribu kusema kitu, ikatoka sauti iliyokwaruza, sauti ya mtu aliyeshangilia mpira dakika tisini. Mama alikuwa ameketi miguuni pa kitanda changu, amekwisha kuvaa kwa ajili ya kanisani.

"Umesema yote," akaniambia.

"Yapi, mama?"

"Yote. Mpaka ya matofali." Akainua macho. "Ya matofali sijawahi kukuhadithia. Sijamhadithia mtu."

Baba mdogo alilala sebuleni kwetu kwa sababu mbege ilimshinda miguu. Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine kwenye fremu, shati amefunga vifungo viwili tu.

"Theodosia," alisema taratibu, "ulikuwa unaota. Mtu akiota hatumuulizi. Tuyaache hapohapo."

Alikuwa ananifungulia njia, na njia yenyewe ilikuwa rahisi. Ningesema tu, nisamehe baba mdogo, usingizi. Ukoo ungecheka. Mama alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nilikuwa naota," nikasema. "Sasa niko macho."

Nikarudia. Yote, kuanzia la kwanza, kwa sauti ileile iliyochanika, na hata nilipofika kwenye mkono wangu sikuruka neno. Nilipomaliza, baba mdogo alikuwa bado ameziba mlango.

Mama akasimama, akajifunga kitambaa kichwani, akakikaza.

"Shemeji," alisema, "nipishe mlangoni kwangu. Nakwenda kupakwa majivu."

Akampisha.