Mbegu Tano za Ng'washi

Jumapili ile Constantine alipofika na kompyuta juu ya mkokoteni, nilikuwa nimeshakasirika hata kabla hajashusha jenereta. Mimi ndivyo nilivyo. Watoto wa darasa la sita wanajua, na mume wangu anajua zaidi.

Aliileta mpaka kwenye banda la chakula la Mama Milembe, pale Somanda, ambako kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunacheza Safari. Mchezo huo alituachia mwalimu mmoja wa kujitolea aliporudi kwao: dadu za nyuso nyingi, na namna ya kuzitumia. Kila mmoja anajitungia mtu wake, mwindaji au mganga au mwizi wa ng'ombe, na mmoja anakuwa msimulizi wa kuwatia watu hao matatani. Dadu ndiyo inayoamua nani kaumia. Kila mtu ana uhai wake, namba tu. Jeraha likija unapunguza, namba ikiisha mtu wako amekufa. Msimulizi nilikuwa mimi, Lukresia, na uhai wa wote niliuandika kwenye daftari ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulishika.

Mwaka huo wa 2001 kila kitu Bariadi kilikuwa kimepata mwenyewe. Pamba ilinunuliwa na kampuni za watu binafsi, tatu zikigombea mkulima mmoja, na Masunga mwenzetu alikuwa karani wa mojawapo. Constantine alirudi kutoka Mwanza na kompyuta, akafungua ofisi ya kuchapa barua. Sasa alikuwa amegeukia mchezo wetu. Kompyuta ingetunza uhai wa wote, ingerusha dadu, na kila wiki ingetoa kadi iliyochapwa kwa kila mchezaji. Ada yake elfu mbili kwa mwezi, kila mtu na yake. Na kwa kuwa mashine haiwezi kusukumwa kwenye mkokoteni kila wiki, tungehamia ofisini kwake.

"Elfu mbili za kuhesabu?" nilimuuliza wiki iliyotangulia. "Mimi nahesabu bure."

"Unahesabu ukiwa umechoka, mwalimu. Mashine haichoki."

Maneno hayo yalinikaa kooni wiki nzima. Lakini kilichoniuma hasa haikuwa ada. Kilichoniuma ni Mama Milembe. Banda ni lake, meza ni yake, na hakwenda shule hata siku moja. Namba anazijua, huwezi kumwibia hata shilingi kumi, ila herufi hazijui. Sisi wengine tulikuwa na karatasi zetu. Yeye uhai wa mwindaji wake, Ng'washi, aliutunza kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, mbegu moja ya pamba kwa kila uhai mmoja. Ofisini kwa Constantine, mbele ya kioo kilichojaa maandishi, angefanya nini? Nilijua angekuja mara moja, angeona aibu, asingerudi tena. Na mwanamke huyu alikuwa na nini kingine? Mumewe alishafariki, watoto wako Mwanza, siku sita anawapikia ugali wenye wagonjwa wao hospitali. Jumapili tu ndiyo anakuwa Ng'washi. Niliapa hatatolewa mezani nikiwa naona.

Tulikubaliana tucheze mara moja kwa kompyuta, halafu tupige kura. Tulikuwa watano. Constantine na Masunga walishasema ndiyo. Debora, muuguzi, alikuwa upande wangu, alisema fomu za hospitali zinamtosha. Kura ya tano ilikuwa ya Mama Milembe, na wala sikumuuliza. Kwa nini nimuulize?

"Mwadila, mayu," Constantine alimwamkia mama kwa Kisukuma, akifuta vumbi kwenye kioo kwa leso.

"Mwadila, ng'wanawane. Mwanangu, hiyo haitalipuka?"

"Hailipuki."

"Basi iweke mbali na mafuta yangu."

Jenereta likaanza kunguruma nyuma ya banda. Constantine akaninyooshea mkono. "Daftari, mwalimu. Niingize namba."

"Nitakusomea mwenyewe," nikasema, nikiwa nimelikumbatia kifuani. "Yako unaijua. Masunga kumi na mbili. Debora tisa. Ng'washi kumi na saba."

Mama Milembe, aliyekuwa anamimina chai, akasimama kidogo na birika mkononi. Kisha akaendelea.

Printa ikakwaruza, kadi zikatoka moja moja. Mama Milembe alijifuta mikono kwenye khanga mara mbili kabla ya kupokea yake. Nikamwangalia Constantine kwa jicho ambalo darasani linanyamazisha watoto themanini. Yeye akajifanya hamnazo.

Tukaanza. Walikuwa wakifuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wakaingia kwenye kichaka, na ndani ya kichaka kulikuwa na nyati aliyejeruhiwa. Nilisimulia vizuri, nasema bila aibu. Hata Masunga aliacha kutafuna.

Hapa niseme ukweli. Siku zote dadu nilizirusha mimi nyuma ya daftari, nikasema namba. Na dadu ilipomgeukia Ng'washi, namba niliipunguza. Sita niliiita mbili. Nane niliiita amekukosa. Debora alipoteza watu wawili kwenye mchezo ule, Masunga mmoja, lakini Ng'washi nilimbeba miaka miwili kama yai. Sasa namba ingetokea kwenye kioo, mbele ya wote, na mimi nisingekuwa na pa kuificha. Nikajikaza kisabuni.

"Nyati anamrukia nani?" Debora aliuliza.

Constantine akabonyeza. "Ng'washi."

"Jeraha?"

Akabonyeza tena. Nikafumba macho.

"Sita," akasema. "Kumi na saba toa sita. Bado kumi na moja."

Nilishusha pumzi mpaka Debora akanicheka. Uongo wangu wa miaka miwili ulikuwa umeingia kwenye mashine na mashine imeuamini. Ng'washi yu hai. Nilitaka kucheka na mimi.

Mama Milembe akaweka birika chini. "Amekufa," akasema.

"Hapana, mayu," Constantine akamwonyesha kioo. "Kumi na moja. Ziko hapa."

"Hapo ziko. Kwangu haziko."

Akachukua kopo la Kimbo kwenye rafu, akalipindua juu ya meza. Mbegu zilizoanguka zilikuwa tano, na jeraha lilikuwa sita.

"Si utakuwa umezidondosha, mama?" Debora akauliza kwa upole.

"Mimi nidondoshe mbegu?" Hakumwangalia Debora. Alikuwa ananiangalia mimi. "Mwalimu, chai huwa nakumiminia nikiwa nimesimama wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nyuma yangu. Kila Jumapili, na birika lake, nyuma ya bega langu. Daftari liliwaficha wale walioketi mbele tu.

"Dadu inasema nane, wewe unasema mbili," akasema. "Wewe unaandika mbili. Mimi natoa nane. Nimefanya hivyo tangu masika."

Uso uliniwaka moto. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uache."

"Nilikuwa nakulinda, mama."

"Debora hukumlinda. Mtu wake aliliwa na mamba, tukamcheka mpaka machozi, akatunga mwingine. Mimi kila mtu anakufa, Ng'washi hafi." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Anayeachiwa ashinde ni mtoto, mwalimu. Mimi nina wajukuu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku mkaguzi aliponikuta nimesinzia darasani.

Akafungua fundo la khanga yake, akatoa elfu mbili, akaiweka mbele ya Constantine. "Kura yangu hiyo."

"Mama, itabidi kuhamia ofisini," nikasema. Nilikuwa bado napigania nini, sijui. "Banda lako je?"

"Ofisini nani anamimina chai?"

"Ofisini hakuna chai, mayu," Constantine akajibu. "Karatasi zitaloa."

"Basi na mimi nitaketi."

Nikaitazama meza ile. Stuli nne, sisi wanne. Miaka miwili nimekula maandazi yake nikijisifu moyoni kwamba namtetea nafasi yake, na nafasi yenyewe haikuwepo.

"Na kusoma?" nikauliza, taratibu sasa.

"Debora atanisomea. Na jina langu nitalizoea." Akaigusa kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayepima moto wa sufuria. "Hii haijui kama mimi ni mjane. Constantine, niandikie mtu mwingine. Huyu mwite Milembe."

Constantine akaandika. Uhai wa mtu mpya huamuliwa na dadu ya nyuso ishirini. Akabonyeza, na wote tukainama kutazama kioo, Mama Milembe nyuma yetu. Ilikuwa tatu.

Tatu ni sawa na kuzaliwa mgonjwa. Constantine, ambaye wiki nzima nilimwita mchuuzi asiye na roho, akabaki na kidole hewani, akaninong'oneza, "Mwalimu, turudie? Hajaona."

Alikuwa ameona. Lakini hakuniangalia. Alikuwa anazitazama mbegu zake tano mezani, anangoja, kama alivyongoja tangu masika.

"Tatu," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Andika tatu."

Mama Milembe akahesabu mbegu tatu, akazirudisha kwenye kopo. Mbili akazitupa nje. Kisha akanigonga begani kwa mkono wa mtu aliyezoea kuamsha moto, akasema, "Simama, mwalimu, umimine chai," akaketi kwenye stuli yangu.