Mgongo wa Yaya Placide

Mwaka wa hamsini na sita, kwenye sikukuu ya Julai pale Fizi, yaya yangu Placide, yaani kaka yangu mkubwa, alishindwa mbele ya watu wote. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuinua pipa dogo lililojazwa mchanga na vyuma vikuukuu, kutoka chini hadi begani. Placide alilifikisha tumboni, likamponyoka. Baada yake akaingia Sebahire, mchunga ng'ombe kutoka milimani. Alilikumbatia bila haraka, akalipandisha begani, akasimama nalo akitazama watu kana kwamba anangoja aambiwe aliweke wapi.

Kule kwetu Baraka, kando ya ziwa, Placide alikuwa mpakiaji wa magunia ya pamba, na hakuna aliyewahi kumshinda. Tulirudi Baraka juu ya kamyo la mizigo. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, "Fabien, mwaka kesho ile pipa italala kwa bega yangu."

Tulimwendea Isidore, mlinzi wa ghala la pamba. Zamani alikuwa sajini na alifundisha askari mazoezi. Alitutengenezea chombo chetu: chuma kirefu kilichotolewa chini ya kamyo lililokufa, na magurudumu ya vigari vya mgodini ya kuvika huku na huku, kila moja lina kilo kumi. Kisha akakata mnyororo mkuukuu vipande vidogo vidogo, kila kimoja hakifiki kilo.

"Siku tatu kwa juma," alisema. "Siku zingine munapumzika na munakula. Mugongo unabaki wima, miguu ndiyo inasukuma. Na kila juma munaongeza kipande kimoja cha munyororo. Kimoja tu."

Placide alicheka. "Sajini, na hii mambo ya kimoja kimoja, nitafika kwa Sebahire nikiwa muzee."

"Utafika," Isidore alijibu. Yeye hakucheka.

Hadi Noeli mambo yalikwenda vizuri. Mabega yangu yalianza kujaza shati, na Placide alikuwa ameniacha mbali. Lakini mvua za Januari zilipokolea, alikwama. Kipande kile kile cha mnyororo kilimshinda juma la kwanza, kikamshinda la pili, kikamshinda la tatu. Isidore alimtazama machoni, akamshika mkono kama anayepima homa.

"Umechoka," akasema. "Acha chuma majuma mawili. Ukirudi, anza chini kidogo."

"Nirudi nyuma?"

"Ndiyo. Urudi nyuma."

Placide alikunja uso kama aliyetukanwa. Kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya kupumzika, alifanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, akafanya tena jioni. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Isidore alipojua, alikuja mpaka uwanjani kwetu, akasimama mbali na kile chuma.

"Placide, mi nimeona askari wakivunjika namna hii. Sitaki kuona tena."

"Basi usitazame, sajini."

Isidore aliondoka, hakurudi tena.

Tangu siku hiyo aliyevika magurudumu nilikuwa mimi. Placide hakutaka tena kusikia habari ya mnyororo. Alisema, "Weka gurudumu," nami nikaweka moja upande huu na moja upande ule, kilo ishirini kwa mara moja. Mgongo wake ulikunjika kama ndoano. Chuma kilipanda kikitetemeka, magoti yakigongana, na kilipofika kiunoni alikitupa chini, akanigeukia: "Umeona?"

Niliona. Na nitasema kweli, nilifurahi. Majirani walikuja kutazama, na mimi nilikuwa mdogo wa mtu mwenye nguvu kuliko wote wa pwani ile.

Lakini mwezi wa Machi mwili wake ulianza kupungua. Alirudi kutoka kazini amechoka hata kula kulimshinda. Adolphine, mke wake, alimwekea bukari, ugali wa mihogo, na vidagaa vya ndagala; Placide akamega mara mbili, akasukuma sahani. Usiku alilala sakafuni kwa sababu kitanda kilimuumiza. Mgongo wake ulinuka mawese ya moto aliyopakwa kila jioni.

Adolphine alinifuata siku moja kwenye bustani ya mihogo.

"Shemeji, yaya wako anaamuka kwa kushika ukuta. Ananikataza kusema. Kama anakuambia uweke chuma, ukatae."

"Nitakataa," nilimwambia.

Jioni ile ile Placide alisema, "Weka gurudumu." Nikaweka.

Mwezi wa Juni, asubuhi moja, tulikuwa tunaelekea bandarini. Yeye alitangulia. Ndala yake ya kushoto ilichomoka, ikabaki katikati ya njia, naye akaendelea kutembea. Hatua kumi, hatua ishirini. Alikanyaga changarawe kwa mguu mtupu, na mguu wenyewe ulipiga chini *pa, pa*, kama kitu kilichofungwa kwake kwa kamba. Nilimkimbilia na ndala mkononi.

Aliitazama, kisha akautazama mguu wake.

"Uko naumwa?" nilimwuliza.

"Hapana. Haiumi tena." Akaivaa. "Na usimwambie Adolphine."

Maumivu yalikuwa yamekwisha, na nilijiambia kwamba hiyo ni dalili njema. Nilijiambia hivyo mara nyingi, kwa maana moyoni nilijua si hivyo.

Sikukuu ilifika. Tulipanda kamyo alfajiri, watu thelathini pamoja na ngoma. Placide alisimama njia yote hadi Fizi, ameshika ubao, kwa kuwa hakuweza kukaa. Kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote ya kando ya njia, na vumbi jekundu lilimfunika uso mpaka nikaona kama namtazama mtu mwingine.

Pale uwanjani Sebahire alikuja kumsalimu. Alikuwa mtu mpole, mwenye fimbo yake ya kuchungia, na hakuwa na haja ya kumtisha mtu. Alimtazama Placide akitembea, tabasamu lake likafifia.

"Ndugu yangu, muguu wako hauko sawa. Kwetu ng'ombe ikitembea vile, hatuipandishe mulima. Leo uache. Pipa itakuwa hapa mwaka mwingine."

"Unaogopa," Placide alimwambia.

"Ndiyo," Sebahire alisema. "Ninaogopa."

Kisha akanitazama mimi, kana kwamba neno lililobaki lilikuwa langu. Watu walikuwa wanaita jina la yaya yangu. Ngoma za Baraka zilikuwa zimeanza. Nilimshikia Placide koti lake, nikanyamaza.

Placide aliinama bila kukunja magoti. Alilikumbatia pipa, akalivuta, likafika tumboni. Akalitikisa, likafika kifuani. Watu wakapiga kelele. Bado kidogo tu lifike begani. Wengine wanasema walisikia mlio. Mimi sikusikia chochote, niliona tu uso wake ukishangaa, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Pipa lilidondoka mbele, naye akakaa chini polepole.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Alinishika shati.

"Fabien," alisema kwa sauti ya chini, "miguu yangu iko wapi?"

Ilikuwa pale pale mbele yake, imenyooka vumbini.

Muuguzi wa zahanati alikuja na pini. Alimchoma vidole vya mguu kimoja baada ya kingine, damu ikatoka, na Placide akawa anauliza, "Umeanza?" Sebahire ndiye aliyembeba hadi kivulini. Pipa halikuinuliwa tena siku ile.

Walimpeleka hospitali ya mbali, amefungwa juu ya ubao ndani ya kamyo. Adolphine na mimi tulimfuata. Daktari alikaa naye kwa muda mrefu, kisha akatuita.

"Huyu hakuumia jana," alisema. "Mfupa wa mgongo ulianza kuminya mishipa ya fahamu tangu miezi mingi. Mguu ulikuwa umeanza kufa. Hakuna hata mumoja aliyeona?"

Adolphine alisema, "Alinificha."

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Ningeweza kunyamaza hapo pia. "Mimi niliona," nilisema. "Ndala ilimutoka njiani na hakujua. Niliona, na nikaendelea kumuwekea chuma."

Adolphine hakulia wala hakunitukana. Alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akarudi kwa mume wake, akavuta pazia nyuma yake. Kwa miezi minne iliyofuata aliongea nami yale ya lazima tu: leta maji, shika hapa, mugeuze.

Mguu wa kuume ulirudi kidogo. Wa kushoto haukurudi. Tulimrejesha Baraka mwezi wa Desemba, na tangu hapo kumwogesha ziwani ikawa kazi yangu. Nilimbeba mgongoni kutoka mlangoni hadi majini, kila siku jua likianza kushuka. Mwanaume yule aliyebeba magunia mawili kwa pamoja alikuwa mwepesi sana. Mbavu zake zilinichoma.

Siku ya kwanza nilimwomba msamaha, nikiwa nimesimama ndani ya maji mpaka kifuani, yeye ameshika mabega yangu.

"Mi ndiye nilisema uweke," alisema. "Kama ungekataa ningekupiga."

"Ungenipiga, na ungekuwa muzima."

Alitazama upande wa rasi ya Ubwari, mahali milima inapoinuka nje ya maji. Katika maji alikuwa anaelea, na hakuna aliyeweza kujua mguu upi ni mzima na upi sio.

"Nipeleke mbele kidogo," alisema.

"Hapa inatosha, yaya."

"Mbele kidogo tu, Fabien."

Vidole vyake viliibana shingo yangu. Hatua mbili mbele maji yalinizidi kimo, na nilijua hakutaka kurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumkatalia. Niligeuka nikamrudisha ufukoni, naye akawa ananipiga ngumi za mgongo, moja baada ya nyingine, mpaka tukafika mchangani alipokuwa amesimama Adolphine na kitambaa kikavu.